Wimbo Uliohamia Matangani

Albamu yangu ya kwanza tuliirekodi wawili, chumbani kwangu mtaa wa Umoja, Nairobi, katika mojawapo ya yale majumba ambayo wenyewe walianza na nyumba ndogo ya chini, kisha wakaongeza ghorofa juu ya ghorofa hadi dirisha langu likabaki kutazama ukuta. Kwa kurekodi, ukuta ule ulikuwa baraka. Magari ya barabara ya Outer Ring yalisikika kwa mbali, kama mtu anayekoroma nyumba ya tatu. Kelele zilizotusumbua ni zile za karibu: ndoo za maji kwenye ngazi, jogoo ambaye hatukuwahi kumjua mwenyewe, muuza mboga na kipaza sauti chake, na kinanda cha kanisa la nyuma ambacho kila mwenye nafasi alijifunzia.

Kazi yangu ilikuwa kushona yunifomu za shule, na bado ni hiyo. Kibanda changu kiko sokoni. Asubuhi, watu wakishaenda kazini na watoto shuleni, tulirekodi. Mchana nikaenda kufungua kibanda. Maikrofoni niliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga studio yake Kariobangi, pamoja na laptop kuukuu ambayo feni yake ilinguruma hivi kwamba tuliifungia kabatini na kupitisha waya chini ya mlango. Godoro tuliliegemeza dirishani. Kisha tulijifunika blanketi, mimi, gitaa langu na rafiki yangu, tukaimba humo gizani huku jasho likitutiririka.

Rafiki huyo nilimpata kwenye kwaya ya kanisa. Alikuwa amekulia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, na kila alfajiri alikwenda kusimama kwenye lango la kiwanda cha biskuti huko Industrial Area kungoja aitwe kibarua; siku asipoitwa ndipo tuliporekodi. Mimi kwenye kwaya niliimba sauti ya kwanza, inayobeba wimbo wenyewe. Yeye aliimba sauti ya pili, ile inayotembea chini yake, ambayo watu hawaisikii mpaka ikosekane. Wengi waliimba sauti ya pili kwa kuwa ya kwanza imewashinda. Yeye aliipenda. Siku moja tukitoka mazoezini aliniambia, "Wewe imba tu vile unataka. Mimi nitakutafuta." Na kweli, popote nilipokwenda na wimbo, alinikuta.

Baadaye alihamia Umoja, jumba la pili kutoka kwetu. Kutoka kwenye ngazi yangu niliweza kuona dirisha la jikoni mwake. Siku alizotoka kiwandani giza likiwa limeingia, akifika aliwasha taa, akaizima, akaiwasha tena, ili nijue amefika. Hatukuwahi kukubaliana kwamba tufanye hivyo. Alifanya mara ya kwanza, nikamwambia kesho yake kwamba nimeona, basi ikawa desturi.

Albamu ile ilitoka bila mtu kuijua. Tulichapisha CD chache pale Kariobangi, jalada tukalibuni wenyewe, tukaziuza kanisani na sokoni. Nyingine nilizipeleka kwenye vituo vya redio. Mtangazaji mmoja alinisikiliza nikiwa nimesimama mbele yake, akatoa hedifoni sikioni, akasema, "Dada, unaimba poa. Lakini hizi nyimbo mtu atazicheza saa ngapi?" Nilimwachia CD, nikatoka. Rafiki yangu, nilipomsimulia, alicheka hadi akaketi chini. Kwa muda mrefu baadaye, tukimaliza wimbo wowote, alikuwa akiniuliza kwa sauti ya yule mtangazaji, "Na huu je, mtu ataucheza saa ngapi?" Siku hizo sikujua kwamba nilikuwa na bahati. Nilidhani nimeshindwa.

Aliniambia anaondoka tukiwa juu ya paa la nyumba yetu, tukianika blanketi zile tulizorekodia. Alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa, akasema, "Visa imetoka."

"Visa ya nani?"

"Yangu. Kazi ya nyumbani, kule Ghuba, Uarabuni. Nimepita hadi vipimo vya hospitali."

Nilimuuliza tangu lini alikuwa akifuatilia jambo hilo. Akasema tangu mwaka jana. Yaani wakati wote tulipokuwa chini ya blanketi ile moja, tukipumuliana usoni, alikuwa akijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika wimbo, na mimi ningelia, na nisingeenda," akasema. "Mama yangu anazeeka Reuben, dada. Anafua nguo za watu na mgongo umekataa. Wacha niende."

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Walikuwa wasichana wengi, wamevaa fulana za rangi moja walizopewa na wakala, na yule wakala aliwahimiza kama watoto wa shule wanaovuka barabara. Sisi tuliobaki tulizuiwa nje ya kizuizi. Nilitaka kumwambia kitu lakini mama yake alikuwa akiomba kwa sauti, na sikutaka kumkatiza. Kabla ombi halijafika mwisho, foleni ilikuwa imeshaingia ndani.

Niliandika ule wimbo wiki hiyo hiyo, kama alivyotabiri. Ni wimbo mfupi. Kiitikio chake kinasema: *Ukifika washa taa, nijue umefika; mimi niko kwenye ngazi, sijaingia ndani.* Hakuna kitu kingine ndani yake. Hakuna kifo. Ni mtu anayemngoja mwenzake afike.

Albamu ya pili, yenye wimbo huo, niliirekodi peke yangu. Nimewahi kusikia wanamuziki wakieleza upweke wa kusimama jukwaani, lakini mimi nitaeleza upweke wa kujiimbia sauti ya pili. Unarekodi sauti ya kwanza. Unavaa hedifoni, unajisikiliza, kisha unaimba chini ya wewe mwenyewe. Kila pumzi unaijua itakuja wapi, kwa sababu ni yako. Hakuna anayekutafuta, na hakuna anayekosea kwa namna usiyoitarajia. Nyimbo za mwanzo zilitoka safi na zilikuwa zimekufa. Nikazifuta. Kisha nikaanza kuiimba sauti ya pili kama ambavyo yeye angeiimba: kuchelewa kidogo kuingia, kuikunja irabu ya mwisho kama anayetabasamu. Zikapata uhai. Kule chini ya blanketi ilifika mahali nikageuza uso upande aliokuwa akikaa.

Watu wa jengo letu sikuwajua sana. Ghorofa ya chini yangu walikaa mzee mmoja na mkewe, wazee wa Ukambani. Mzee alikuwa dereva wa malori aliyestaafu. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyecheka ovyo. Tukikutana kwenye ngazi alipokea salamu yangu kwa kichwa tu na kupita. Redio yao ilianza kuzungumza alfajiri. Nilipokuwa nikijiandaa kurekodi, mara nyingi nilisikia imezimika, nikashukuru kwamba wametoka.

Wakati huo watu hawakununua CD tena, basi albamu ya pili niliiweka mtandaoni. Nilibonyeza kitufe asubuhi nikiwa kitandani, nikaoga, nikanywa chai, nikaangalia simu. Hakuna kitu. Nikaenda kibandani, nikashona kaptula za kijivu kutwa nzima, simu nimeiweka kando ya cherehani. Mama yangu alipiga kutoka nyumbani, magharibi mwa nchi, kuniuliza kama mvua imefika Nairobi. Nikamwambia albamu imetoka.

"Ile nyingine?"

"Mpya, mama."

"Haya. Mungu asaidie." Kisha akauliza: "Na huyo mwenzako aliyekuwa akiimba na wewe, yuko?"

"Alisafiri."

"Sasa unaimba na nani?"

Nikamwambia laini inakatika.

Rafiki yangu mwanzoni alipiga kila Ijumaa. Baadaye mwajiri wake akawa anaishika simu, naye rafiki yangu akawa anatuma ujumbe wa sauti mfupi, wa kunong'ona, akiniambia yuko sawa, nimsalimie mama yake. Kisha hata huo ukaadimika. Sikumtumia ile albamu. Nilijiambia nitamtumia akiwa na nafasi ya kuisikiliza vizuri.

Mara ya kwanza kuusikia wimbo wangu barabarani ilikuwa Ijumaa, kando ya Outer Ring, nikiwa nimebeba furushi la sweta. Lilipita gari la kubeba maiti lenye vitambaa vyekundu, na nyuma yake basi la waombolezaji wanaokwenda nyumbani kuzika. Juu ya lile gari palifungwa spika, na kwenye spika nilikuwa mimi. *Ukifika washa taa.* Msafara ulikwama kwenye foleni mbele yangu, hivyo niliusikia wimbo wote, hadi mwisho. Kwenye dirisha la basi alikaa mwanamke aliyefunga leso kichwani, akiimba pamoja nami. Maneno yote aliyajua. Tulitazamana. Nilimpungia mkono, naye akanipungia kwa adabu, kama mtu anavyompungia mpita njia aliyeonyesha heshima kwa marehemu.

Tangu hapo nikawa nausikia kila mahali penye msiba. Kwenye mahema ya matanga, kwenye video za picha za marehemu ambazo watu hutumiana kwenye simu, kwenye mikutano ya kuchangisha. Sijui nani aliuanza. Huenda mtu mmoja tu aliyefiwa aliuokota mahali akausikia tofauti na nilivyouandika, na baada yake wengine wote wakausikia vile vile.

Siku moja nilikwenda Kariobangi kutafuta spika ndogo ya kusikilizia kazi zangu. Kijana muuzaji, ili anionyeshe nguvu ya spika, akaweka wimbo huo huo. Kibanda kizima kikatetemeka kwa pumzi zangu.

"Sikia hiyo sauti, mathee," akasema. "Safi, sivyo?"

"Nani anaimba?"

"Ni mama fulani hivi. Alishakufa."

Nilimuuliza alikufa lini.

"Kitambo. Aliimba hii akiwa hospitali, alijua anaenda. Ndiyo maana inaskika hivyo." Akapunguza sauti, labda kwa kuona uso wangu. "Pole. Kwani umefiwa?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimesimama hapo, mzima, na mkoba wangu begani. Lakini alikuwa amenipa pole kwa moyo, na niliona kwamba nikimwambia ukweli atadhani natafuta kupunguziwa bei. Nikasema, "Nimefiwa kidogo," nikalipa spika, nikaondoka. Njiani nilijaribu kucheka. Rafiki yangu angekuwepo, hiyo ingekuwa hadithi ya mwaka mzima. Nilifika nyumbani, nikaiweka ile spika mezani bila kuifungua, nikakaa kitandani. Hakukuwa na mtu wa kuambiwa kwamba nimekufa.

Yeye mwenyewe alikuja kuusikia huko huko Ghuba. Alinipigia ghafla, adhuhuri, baada ya miezi mingi ya kimya, nikiwa kibandani. Sikuijua ile namba. Alisema bila salamu, "Mbona uliniimbia kama maiti?"

Nilizima cherehani. Akanieleza kwamba msichana mmoja wa Kenya, waliyesafiri naye, alikuwa ameugua akafariki, na wengine wachache waliopata ruhusa walikutana katika chumba cha mmoja wao kumwombea. Mtu akaweka wimbo kwenye simu. "Nikasikia ngazi. Nikasikia taa," akasema. "Nikajua ni sisi. Wenzangu wanalia, mimi nimesimama hapo kama nimevuliwa nguo."

"Sikukuimbia kama maiti. Niliimba ufike salama."

"Basi mbona hukunitumia?"

Sokoni mtu alikuwa akipiga kelele za bei ya nyanya, na nilijua anazisikia.

"Na hiyo sauti ya pili," akasema kwa upole zaidi. "Nilidhani ni mimi. Nilikaa nikijiuliza tulirekodi lini, mbona sikumbuki. Kumbe ni wewe. Ulijifunza wapi kuimba hivyo?"

"Kwako."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema, "Rudi kazini, dada," akakata. Kwa wiki kadhaa niliipiga ile namba, haikupatikana.

Wakati huo ndipo mke wa yule mzee wa chini alipofariki. Aliugua muda mfupi, na habari tuliipata kwa keateka, mtunza jengo, aliyepita mlango kwa mlango. Jumamosi mchana wapangaji tulikusanyika uani, kwenye viti vya kukodi, kufanya mipango ya kumsafirisha kwenda Kitui. Kulikuwa na mchungaji, jamaa zao kadhaa, na mwanamke wa kanisani kwao aliyeshika usukani wa mambo. Baada ya maombi, mwanamke huyo akasema tuuweke ule wimbo kabla ya kuanza kuchanga. Kijana mmoja akaunganisha spika. Papo hapo stima ikapotea. Akajaribu simu, simu ikawa haina chaji. Watu wakabaki wakitazama chini.

Sikupanga. Nilisikia nikisema, "Naweza kuuimba."

Nilipanda kuchukua gitaa, nikashuka, nikaimba nikiwa nimesimama kando ya tangi la maji. Uani mle, kuta zikiwa zimetuzunguka pande zote, sauti ilipanda juu na kurudi. Kuna waliofumba macho. Wengine waliimba kiitikio, nami kwa mara ya kwanza tangu rafiki yangu aondoke nikasikia sauti ya pili ikitoka kwa watu wengine, ya kubahatisha, imepinda huku na kule. Nilipomaliza, yule mwanamke wa kanisani alinishika mkono.

"Umejaribu sana, dada," akasema. "Umekaribia mwenyewe kabisa."

Nikamshukuru.

Baadaye, watu walipokuwa wakinywa chai, mzee aliniita niketi karibu naye. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta, na mikono yake mikubwa ya usukani ilikuwa imetulia magotini.

"Hawa hawajui kama ni wewe," akasema.

"Wewe unajua, mzee?"

"Mimi nakaa chini yako, mwanangu. Huo wimbo nimeusikia ukizaliwa. Pale kwenye 'sijaingia ndani' ulikuwa unakosea. Unarudia, unakosea. Unarudia. Nikamwambia mama, huyu msichana leo ataingia ndani au hataingia?" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likatoweka. "Mama alikuwa anazima redio. Kila ukianza, anazima. Hata kama ni habari. Mimi nikilalamika ananiambia, nyamaza, anaanza."

Nilimwambia nilidhani wanatoka.

"Tutoke twende wapi? Tulikuwa tunakaa hapo mezani. Yeye na chai yake."

Nilimkumbuka yule mama kwenye ngazi, kichwa chake kikiinama kidogo ninapomsalimu, nami nikipita nikidhani hanipendi. Miaka yote hiyo nilikuwa na msikilizaji umbali wa dari moja. Alizijua nyimbo zangu pamoja na makosa yake yote, na sikuwahi kumkaribisha juu, wala yeye hakuwahi kupanda. Kama mmoja wetu angebisha! Mzee alinipigapiga mgongoni, yeye mfiwa akinifariji mimi, hadi walipomwita kwenda kuzungumza na mchungaji. Alirudi kutoka mazishini akiwa na mwanawe wa kiume, wakafungasha vyombo, akahamia kwa huyo mwanawe. Chini yangu wakaingia vijana wanaofanya kazi mchana na usiku kwa zamu. Hawana redio.

Rafiki yangu alirudi mkataba wake ulipokwisha. Hakuniambia siku. Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda changu, mnene kidogo, ngozi imepauka kwa kukosa jua, amevaa miwani. "Unashona magauni ya watu wazima?" akauliza. Tulishikana hapo hapo, katikati ya vitambaa, hadi mteja akakohoa.

Alikuwa amemnunulia mama yake kiwanja magharibi mwa nchi na alikuwa akienda huko kukaa naye. Angepitia Nairobi siku chache tu. Nilimwomba aje turekodi, hata wimbo mmoja. Alisitasita, akakubali.

Alikuja asubuhi. Niliegemeza godoro dirishani. Tulijifunika blanketi, tukacheka kidogo kwa kuwa hatukuenea vizuri kama zamani. Nikapiga gitaa, nikaanza, nikamngoja. Hakuingia. Nikageuka, nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa akiimba. Nilitoa hedifoni sikio moja nimsikie, na hata hivyo sikumsikia vizuri.

"Paza kidogo," nikamwambia.

Akajaribu. Shingo ikamkaza, lakini sauti ikabaki pale pale, chini kabisa, karibu na pumzi.

"Haipandi," akasema. "Kule nilikuwa naimba nikipiga pasi. Mama wa nyumba hakutaka kelele. Nikajifunza kuimba hivi, asisikie. Sasa nimejaribu hata kanisani. Haipandi."

Nilifunua blanketi tupate hewa. Alilia kidogo, bila sauti pia. Nilitaka kumwambia itarudi, lakini sikujua kama itarudi, na yeye hakuwa mtu wa kudanganywa kuhusu uimbaji. Nikamuuliza kama anataka tuache.

"Hapana. Kwani mtambo wako hauskii sauti ndogo?"

Basi nikausogeza uso wake hadi karibu aguse maikrofoni, nikaifungua nguvu yake ya kunasa sauti hadi mwisho. Aliimba. Katika hedifoni nilimsikia yote: ile kuchelewa kwake, ile irabu inayokunjwa. Ila kwa kuwa nilikuwa nimefungua hivyo, kila kitu kingine kiliingia pamoja naye. Ndoo kwenye ngazi. Mtoto akikataa kuoga. Kinanda cha kanisa. Saa ya ukutani. Prodyusa yeyote angeniambia nitupe. Nilijaribu kusafisha siku kadhaa baada ya yeye kuondoka, na kila nilipotoa kelele, yeye naye alitoka. Nikaacha zote.

Albamu ya tatu ina wimbo huo mmoja wa sisi wawili. Zilizobaki ni mimi peke yangu, na safari hii sikuimba sauti ya pili kabisa, nimeacha pengo. Nilimtumia. Mtandao huko kwao ni wa kupanda kilima, alijibu baada ya wiki mbili: "Nimesikia yule mtoto anakataa kuoga. Mama amecheka." Hatuzungumzi mara nyingi. Ana shamba, ana mama mgonjwa, na amejiunga na kwaya ya huko, anakaa nayo tu, anashika kitabu cha nyimbo.

Mwezi uliopita nilikodi ukumbi wa jamii, huku huku Eastlands, nikafanya onyesho la albamu hiyo Jumapili alasiri. Nilibandika matangazo kwenye nguzo mwenyewe. Waliokuja walijaza safu za mbele, nyuma pakabaki viti vitupu vingi kuliko nilivyopenda. Sikuuimba wimbo wa msiba hadi mwanamume mmoja aliponiomba, na nilipouimba niliona watu wakiangaliana, wakiinong'onea mioyo yao kwamba basi, kumbe yuko hai. Hakuna aliyeniuliza. Walipiga makofi vizuri, wakaondoka kwa vikundi wakiongea mambo ya mpira na ya kesho.

Nilibaki kukunja waya. Mama mmoja aliyekuwa amekaa peke yake upande wa mlango hakuondoka. Alikuja hadi jukwaani, mkoba ameubana kwapani.

"Unaimba hivi peke yako siku zote?" akauliza.

"Siku hizi, ndiyo."

"Huchoki?"

"Nachoka, mama."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Kisha akauweka mkoba wake juu ya meza, akaanza kunisaidia kupandanisha viti.